Kuusoma Ubongo kwa Pini na Pamba

Nchi iliyo magharibi ya mto Nile, ambayo leo miji yake mashuhuri ni Arua na Koboko, iliingia katika madaftari ya serikali ya Uganda kwa kuchelewa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliishika, pamoja na nchi yote ya Lado, tokea mwaka 1894 hata alipofariki Disemba 1909. Mwaka uliofuata ikaingia mikononi mwa serikali ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikapewa Uganda, na Bwana A. E. Weatherhead akatumwa kuweka boma Arua. Miaka minne baadaye, 1918, wamishonari wa Africa Inland Mission wakafungua kituo chao Mvara, kando ya boma hilo, mahali ambapo leo pana kanisa kuu la Emmanuel la dayosisi ya Madi na West Nile. Katika zama hizo za kubadilishwa mabwana mara kwa mara ndipo mwili wa mtu wa West Nile ulipoanza kusomwa na wageni, na sehemu yake ya kwanza kusomwa ilikuwa shingo.

Sababu yake ilikuwa malale. Maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kuangamiza zaidi ya watu 200,000 pembezoni mwa ziwa Nyanza mwanzoni mwa karne ya ishirini, na serikali, iliyokuwa ikiwataka vijana wa West Nile waende kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa na pamba, ilihofu wasije wakayabeba tena. Basi watu walipangwa safu, na mkaguzi akapita nyuma yao akipapasa shingo zao kutafuta tezi zilizovimba. Dalili hiyo inaitwa kwa jina la tabibu Thomas Winterbottom, aliyeiandika mwaka 1803 baada ya kukaa Sierra Leone, wala yeye hakuficha kwamba wafanyabiashara ya watumwa walikuwa wakiijua, kwani mtumwa mwenye tezi za shingo hakununuliwa. Ndiyo asili ya elimu hii ya kusoma dalili kwa vidole, ya kwamba haikuzaliwa na huruma peke yake. Na msomaji atakayeusifu ustadi wake, kama nitakavyousifu mimi hapa chini, heri alijue hilo tangu awali.

Si kwamba Walugbara, wenyeji wa West Nile, walikuwa wakingoja wageni waje kuwafundisha kuyauliza maradhi maswali. John Middleton, mtaalamu wa mila aliyekaa kwao kati ya 1949 na 1952, na ambaye kitabu chake juu ya dini ya Walugbara kilitoka mwaka 1960, ameeleza jinsi mzee wa ukoo alivyokuwa akienda kwa mwenye acife, yaani ramli ya bua la mtama linalosuguliwa kwa kitita cha majani, na kuyataja mbele yake majina moja baada ya jingine, ya mizimu na ya walio hai, hata mkono ukanasa katika jina mojawapo. Swali la acife lilikuwa ni nani: nani ameudhika, nani ameyaleta maradhi haya, na kwa kosa gani la mgonjwa au la jamaa zake. Lilikuwa swali la utaratibu, lenye hatua zake na lenye kuthibitishwa kwa ramli nyingine, na jawabu lake liliwapa watu jambo la kutenda. Tabibu wa Ulaya alipomkuta mtu aliyeamka asubuhi mdomo umepinda na mkono haunyanyuki, hakuuliza nani, aliuliza wapi. Na kwa muda wa miaka mia na zaidi alikuwa akilijibu swali hilo kwa ufasaha mkubwa huku akiwa hana dawa hata moja ya kumpa mgonjwa, jambo ambalo mwenye acife, lau angelijua, angeliweza kulicheka kwa haki.

Swali la wapi lina nasaba ndefu. Aretaeus wa Kapadokia, katika zama za Warumi, alikwisha kuona kwamba jeraha la upande mmoja wa kichwa hupoozesha upande wa pili wa mwili, akadhani kwamba mishipa ya fahamu hupishana njiani kama herufi ya X. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitenganisha katika Kanuni yake sakta, inayomwangusha mtu na kumzimisha fahamu zote, na faliji, inayomnyima nusu ya mwili. Mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, Uswisi, aliyepasua vichwa vya watu waliokufa kwa sakta, alionyesha damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Nusu karne baadaye, 1709 na 1710, Mistichelli wa Italia na Pourfour du Petit wa Ufaransa waliiona kwa macho ile njia panda ambayo Aretaeus aliidhania, ipo chini kabisa ya ubongo, pale unapokaribia kuwa uti wa mgongo.

Sehemu hiyo ya chini huitwa shina la ubongo, nayo haizidi sana unene wa kidole gumba. Imegawanyika sehemu tatu, ubongo wa kati juu, ponsi katikati na medula chini, na kila amri itokayo kichwani kwenda viungoni, na kila habari irudiyo kutoka viungoni, hupita humo. Kama vile kila gari la mizigo litokalo Kampala kwenda Arua, liwe na chumvi au saruji au vitabu vya shule, halina budi kuvuka daraja la Pakwach, na bamba moja likivunjika darajani wanaokosa ni watu walio mbali wasiojuana. Ndiyo maana kiharusi cha shina la ubongo, japo kidogo kama punje ya njegere, huweza kuacha alama nyingi za ajabu zisizofanana: jicho linakwenda huku, mkono unalegea kule, sauti inakwaruza, kwikwi haikomi siku tatu. Mtu asiyeijua ramani ya humo huziona kuwa ni maradhi manne au matano yaliyomwangukia maskini mmoja kwa pamoja.

Wa kwanza kuieleza hali hiyo kwa ukamilifu alikuwa mgonjwa mwenyewe. Gaspard Vieusseux, tabibu wa Geneva, alipigwa na kizunguzungu kikali mwanzoni mwa mwaka 1808, na alipopata nafuu alijikuta uso wake wa kushoto umekufa ganzi, kope ya kushoto imelegea, sauti imekauka, chakula hakimezeki, na upande wa kulia wa mwili hautambui maumivu wala moto na baridi, ilhali nguvu za viungo vyake zipo. Rafiki yake Alexander Marcet aliisimulia habari hiyo mbele ya matabibu wa London, na ikachapishwa mwaka 1811 ikiwa ni kioja. Hawakuwa na la kusema juu yake. Ganzi ya uso kushoto na ganzi ya mwili kulia, mtu mmoja, siku moja: hakuna aliyejua pa kuiweka.

Ufunguo ulipatikana katika hospitali za Paris. Auguste Millard na Adolphe Gubler, mwaka 1856, waliandika juu ya wagonjwa waliopooza uso upande mmoja na mkono na mguu upande wa pili, na Gubler akaifafanua sababu yake, ambayo mpaka leo ndiyo mlango wa elimu yote hii: mishipa ya fahamu ya kichwani hutoka katika shina na kuuhudumia upande wake uleule, ilhali njia ya viungo bado haijavuka, itavuka chini, basi jeraha moja katika ponsi hudhihiri usoni upande wake na mwilini upande wa pili. Ishara zikipingana pande, usitafute katika ubongo wa juu, tafuta katika shina. Mwaka 1863 Hermann Weber, Mjerumani aliyekuwa akitabibu London, akafanya vivyo hivyo kwa ubongo wa kati, ambako kope huanguka na jicho hugeukia nje upande mmoja na viungo hupooza upande wa pili.

Lakini aliyeipa elimu hii hadhi ya kutabiri ni Adolf Wallenberg wa Danzig. Mwaka 1895 alichapisha habari za mwanamume wa miaka 38 aliyeugua kama alivyougua Vieusseux, na kwa kuzifuatisha ishara moja moja, hii inatoka wapi na ile inapita wapi, alitaja si sehemu ya medula iliyokufa tu, bali na mshipa wa damu ulioziba, na mgonjwa yu hai. Mgonjwa alipofariki miaka kadhaa baadaye, Wallenberg alimpasua, na mwaka 1901 akachapisha alichokiona. Palikuwa palepale. Katika tarikhi ya utabibu ni mara chache mtu ameandika jawabu lake, akalitia muhuri wa wino mbele ya watu, kisha akangoja miaka kulifungua. Hata hivyo elimu haikumkinga: Wallenberg alikuwa Myahudi, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Wanazi walimtoa katika nchi yake akiwa mzee, akakimbilia Uingereza kisha Marekani, alikofariki mwaka 1949. Maradhi hayo yanaitwa kwa jina lake, na Vieusseux amesahauliwa na wengi, jambo ambalo naliona si insafu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa.

Pamoja na hayo, majina mengine yaliongezeka hata yakawa mzigo. Foville, Benedikt, Claude, Babinski na Nageotte, Dejerine, kila mmoja na kipande chake cha shina, na wanafunzi wa udaktari wa vizazi vingi waliyahifadhi kama majina ya vituo vya reli ambayo hawataipanda. Ilimpasa tabibu wa Australia, Peter Gates, mwaka 2005, kuyaweka kando na kusema kwamba yatosha kujua mambo machache kwa nne nne. Zipo njia nne katikati ya shina: ya amri za viungo, ya kujua kiungo kilipo na kuhisi mtetemo, ya kuyafunga macho mawili yaende pamoja, na viini vya mishipa inayoendesha macho na ulimi. Zipo nne ubavuni: ya ulinganifu wa viungo, ya maumivu na joto, ya hisi ya uso, na ile inayoinua kope na kupanua mboni. Na katika mishipa 12 ya kichwani, minne ya mwisho ni ya medula, minne ya kati ni ya ponsi, na wa tatu na wa nne ni ya ubongo wa kati. Mgonjwa ambaye ulimi wake unapinda kushoto na viungo vyake vya kulia ni dhaifu, huyo jeraha lake li katikati ya medula, upande wa kushoto. Na huyo wa Wallenberg, asiye na udhaifu wa viungo hata kidogo, jeraha lake li ubavuni. Vyombo vinavyohitajika ni pini, kipande cha pamba, tochi, uma wa sauti na nyundo ndogo, na aghalabu nyundo inaweza kukosekana.

Elimu hii iliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa Kampala, kwanza katika hospitali ya Mengo aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897, mtu aliyeandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu hata zikafanyiwa utafiti miaka sitini na zaidi baadaye, kisha katika Mulago na shule yake ya udaktari iliyoanza katika miaka ya 1920 na kulelewa na Makerere. Lakini kwa muda mrefu waalimu walidhani hawatakuwa na viharusi vingi vya kuwafundishia. C. P. Donnison, aliyekuwa tabibu Kisii, alipima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000 na kuandika katika jarida la Lancet, mwaka 1929, kwamba halikupanda kwa uzee kama lipandavyo Ulaya, bali lilishuka. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka huohuo na kuhamia Uganda 1935, alishuhudia kwa macho yake jambo hilo likigeuka: maradhi ya shinikizo, ambayo mwanzoni hakuyaona ila kwa nadra, yalikuwa ni ya kawaida katika wodi za Mulago kabla hajaondoka, na kitabu chake cha 1960 juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika ni katika vitabu vya kwanza kulisema hilo kwa sauti. Chumvi, mishahara ya mjini, unene, uzee wenyewe; sababu zilijadiliwa na zingali zikijadiliwa.

Huku West Nile, misheni ya Mvara ilizaa hospitali Kuluva, kilomita chache kusini ya Arua, mwanzoni mwa miaka ya 1940, chini ya Dakta Ted Williams na baadaye ndugu yake Peter. Kuluva haikupata jina kwa kiharusi. Ilipata jina kwa swali lilelile la wapi, lakini likiulizwa juu ya ardhi badala ya mwili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago mwenye jicho moja, alipotaka kujua uvimbe wa taya unaowaua watoto unapatikana nchi zipi na unakoma wapi, alinunua gari kuukuu kwa pauni 250, na mwezi wa Oktoba 1961 akaondoka pamoja na Williams, ambaye ustadi wake wa makanika ulikuwa na faida kama udaktari wake, na Cliff Nelson, wakasafiri maili 10,000 kusini hata Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali na kutia alama katika ramani. Kisha Williams akarudi Kuluva kuendelea na daftari lake, akiandika kila mtoto na kijiji chake na mwezi alioanza kuugua, na kutokana na daftari hilo wataalamu wa hesabu waliweza kuonyesha, kwa visa vya 1961 hata 1975, kwamba maradhi hayo yalijikusanya mahali fulani kwa wakati fulani. Hospitali ya misheni isiyo na maabara ya fahari ilitoa ushahidi ambao hospitali kubwa za Ulaya hazikuweza kuutoa, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyesikiliza jawabu la mgonjwa na kuliandika siku ileile.

Katika hospitali za namna hiyo, kusoma kiharusi kwa pini na pamba kulikuwa na tofauti moja na kule Paris na Danzig. Wallenberg alipata kufungua muhuri wake. Katika West Nile, marehemu huzikwa nyumbani kwao, na jamaa waliosafiri naye hawakai kungoja kisu cha tabibu; basi hukumu iliyotolewa kitandani ilibaki hivyo, haikuthibitishwa wala haikukanushwa. Mtu aweza kusema kwamba elimu isiyosahihishwa huoza, na ni kweli kwamba huoza. Lakini hukumu hiyo ilikuwa na mizani nyingine, nayo ni yaliyompata mgonjwa wiki iliyofuata.

Maana kujua mahali kulikuwa ni kujua namna ya kulisha. Mgonjwa wa ubavu wa medula hawezi kumeza vyema, na mkono na mguu wake, vilivyo na nguvu, humdanganya muuguzi na jamaa. Atakaa kitako, atapewa uji, uji utaingia mapafuni, na siku ya tano atakufa kwa homa ya mapafu, si kwa kiharusi. Huyohuyo, akilishwa kwa mpira wa puani majuma machache, aghalabu hupona hata akatembea. Hapa pini iliyochoma shavu na mkono, na sikio lililosikia sauti ya kukwaruza, huokoa uhai pasipo dawa yoyote. Na yupo mwingine, ambaye jeraha lake li mbele ya ponsi, pande zote mbili, aliyenyimwa mikono, miguu, uso na ulimi, akaachiwa macho ya kwenda juu na chini peke yake. Alexandre Dumas alimchora mzee wa namna hiyo, Noirtier, katika kisa chake cha Monte Cristo cha miaka ya 1840, miaka mia na ishirini kabla ya Plum na Posner kuipa hali hiyo jina mwaka 1966. Mgonjwa huyu anasikia kila neno. Asiyeamrishwa kutazama juu hatajulikana kuwa yupo, na jamaa watajadili mbele yake gari la kumrudisha Koboko na bei ya jeneza.

Vita vya 1979 vilipomwondoa Idi Amin, ambaye kwao ni Koboko, kisasi kiliwashukia watu wa West Nile kwa jumla, na umati mkubwa ukakimbilia Zaire na Sudan; mwaka 1981 watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo. Mambo ya udaktari yalisimama au yalirudi nyuma miaka mingi. Zama hizohizo ndizo ambazo Ulaya na Marekani zilikuwa zikijaza hospitali zao mashine ya Godfrey Hounsfield, iliyompiga picha ya ubongo mgonjwa wake wa kwanza London mwezi wa Oktoba 1971, na waalimu wa huko wakaanza kulalamika kwamba wanafunzi hawachomi pini tena. Kwa hiyo palitokea jambo lililo kinyume na desturi: elimu iliyozaliwa Paris ilihitajika zaidi mahali isipozaliwa.

Katika miaka ya karibuni mashine hizo zimeanza kufika katika hospitali za rufaa za mikoa ya Uganda, nami nazikaribisha kwa moyo wote, kwani damu iliyomwagika ndani ya ubongo haiwezi kutofautishwa kwa yakini na mshipa ulioziba kwa kutazama tu, na dawa ya huyu ni sumu ya yule. Lakini shina la ubongo limezungukwa na mifupa minene ya kisogo, na mifupa hiyo hutia michirizi katika picha ya CT hata kiharusi kidogo cha medula kikajificha humo siku za mwanzo. Hata mashine bora kuliko hiyo, ya sumaku, hukosea. Mwaka 2009 Jorge Kattah, David Newman-Toker na wenzao wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 101 wenye kizunguzungu kisichokoma, wakaonyesha kwamba majaribio matatu ya macho kitandani, yasiyozidi dakika chache, yaligundua viharusi ambavyo picha ya sumaku katika siku mbili za kwanza ilivikosa katika watu 12 kwa kila 100. Kichwa cha mgonjwa hugeuzwa ghafla kidogo huku akikazia macho pua ya tabibu: macho yakiteleza kisha yakarudi, maradhi aghalabu ni ya sikio, yakibaki imara ilhali kizunguzungu kikali kipo, hiyo ndiyo ya kuogopwa. Macho yanayocheza yakibadili upande kwa kufuata mtazamo, au jicho moja likikaa juu ya lenzake linapofunikwa na kufunuliwa, hizo nazo ni za kuogopwa. Waliofanya majaribio hayo walikuwa mabingwa, na mikono isiyozoea haitapata matokeo yao. Ila mazoezi ni jambo lisilohitaji umeme, na ofisa wa kliniki katika kituo cha afya huko Koboko, anayepaswa kuamua usiku kama mgonjwa wa kizunguzungu alale hapo au akodiwe gari la kwenda Arua, anayo macho ya kila mgonjwa ya kujifunzia.